Namba ya Figo na Mwili wa Makere

Makere iko kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu za Buha, na mapori yake yalikuwa ya mbung'o tangu zamani. Kabla presha na kisukari havijaanza kutajwa zahanatini, malale ndiyo iliyowafanya watabibu wa huku wazitazame figo za wagonjwa. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Waha wengi kwenye kaya zao zilizotawanyika, ikawakusanya katika makazi yaliyofyekwa ili wawe mbali na mbung'o. Ilikuwa amri, na mashamba ya urithi yakaachwa yakamezwa na pori.

Dawa ya malale ya wakati huo ilikuwa suramini ya Wajerumani, iliyoitwa pia Bayer 205. Iliua vimelea kwenye damu, lakini ilijulikana kwamba inaumiza figo. Ndiyo maana mafunzo ya tiba yalidai mkojo upimwe kabla ya kila sindano. Mkojo ukichemshwa ukaingia ukungu mweupe, protini inavuja, na sindano ingoje. Kipimo hicho kilikuwa kimepata heshima tangu mwaka 1827, pale Richard Bright wa Guy's Hospital, London, alipoonyesha kwamba wagonjwa waliovimba mwili na kutoa mkojo wa namna hiyo walikuwa na figo zilizoharibika.

Mkojo, hata hivyo, hueleza kwamba chujio limetoboka. Hauelezi ni taka kiasi gani zimebaki mwilini. Jibu hilo limo kwenye damu, na lilianza kutafutwa mapema: mwaka 1821 watafiti Prévost na Dumas waliwatoa wanyama figo, wakaikuta yurea imejaa katika damu yao. Ikawa wazi kwamba figo hazitengenezi yurea, zinaiondoa. Lakini yurea hupanda pia mtu anapotapika, anapoharisha au anapokaukiwa maji. Kwa mtoto mwenye malaria kali udhaifu huo umegeuka kuwa faida. Katika utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 5,425 kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, yurea iliyopanda ilikuwa mojawapo ya dalili chache zilizotabiri nani yuko karibu na kifo.

Kwa ufuatiliaji wa miaka, kilichotawala ni kreatinini. Max Jaffe, mjini Königsberg, aliona mwaka 1886 kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki hutoa rangi nyekundu ya machungwa. Mwaka 1904 Otto Folin, nchini Marekani, aliifanya rangi hiyo kuwa kipimo, na hadi leo maabara nyingi huitumia. Rangi hudanganyika: manjano ya ini na sukari nyingi vinaweza kuipotosha. Mimi hilo silioni kuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni chimbuko la kreatinini yenyewe.

Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwenye misuli mingi hutengeneza nyingi, aliyekonda hutengeneza kidogo, na mlo wa nyama huongeza. Tena inaweza kubaki ndani ya mipaka ya kawaida hata uchujaji ukipungua karibu nusu. Wataalamu walijua hivyo, wakatunga kanuni za kukisia uchujaji kwa umri, jinsia na, katika baadhi yake, uzito. Ile ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 ilitokana na wagonjwa 249 wa Kanada, karibu wote wanaume. Ile ya MDRD ya mwaka 1999, iliyotengenezwa Marekani, ilimwongezea kila mtu mweusi asilimia 18 ya uchujaji, kwa dhana kwamba ana misuli zaidi. Nyongeza hiyo ilisafiri na vitabu na programu hadi Afrika. Mkulima wa mihogo na maharagwe wa Buha akahesabiwa kwa mwili wa mtu asiyemfahamu, akaambiwa figo zake ni nzima kuliko zilivyo. Kanuni mpya ya mwaka 2021 imeifuta rangi ya ngozi, na ilipaswa kufutwa zamani.

Kuifuta hakukumaliza kazi. Mwaka 2022 watafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kupima uchujaji wenyewe, kwa kudunga ioheksoli na kufuatilia inavyotoka kwenye damu. Kanuni za kreatinini zilionyesha figo bora kuliko hali halisi, na wagonjwa wengi wakapitwa. Nikiutazama sasa utafiti wa Kilimanjaro wa mwaka 2015, uliokuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 mjini na asilimia 2 tu vijijini, najiuliza ni wanakijiji wangapi walifichwa na wembamba wao. Makere swali hili ni zito zaidi, kwa kuwa jirani yake ni kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, ambako mgao wa chakula ukipunguzwa misuli hupungua nao. Sistatini C, protini isiyoitegemea sana misuli, ilipendekezwa na watafiti wa Lund, Uswidi, mwaka 1985. Kwenye zahanati za vijijini bado haifiki.

Kinachofika ni kidonge kimoja cha kufubaza virusi vya Ukimwi, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Utafiti wa DART wa Uganda na Zimbabwe ulionyesha kwamba tiba ya kufubaza virusi inaweza kutolewa hata pasipo vipimo vya mara kwa mara vya sumu ya dawa, na nafurahi kwamba maabara haikufanywa kizuizi. Lakini tenofoviri huweza kuumiza mirija ya figo, na kreatinini ikapanda. Dolutegraviri nayo hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo kwa kuzuia mirija isiitoe, bila kuumiza figo, kisha namba hutulia. Mtabibu asiye na namba ya siku dawa ilipoanza hawezi kuzitofautisha sababu hizi mbili: ataachisha dawa njema, au ataendelea na ile inayoharibu.