Kuganda, Kulika, Kuchunika: Istilahi Tatu za Plagi Isiyotoka

Vitabu vya ufundi wa magari vya Kiingereza hutumia neno moja, stripped, kwa maradhi mawili yasiyofanana. Plagi ambayo pembe za kichwa chake zimelika hadi spana inateleza huitwa hivyo. Tundu ambalo mifuo yake ya ndani imeng'oka, plagi ikawa inazunguka bila kukaza, nalo huitwa hivyo hivyo. Mwanafunzi wa ufundi anayefasiri neno hilo kwa mkupuo, kwa kusema tu kwamba plagi "imeharibika", hapati msaada wowote wa kuamua afanye nini. Ubovu wa kwanza uko kwenye plagi, ambayo hata hivyo itatupwa. Ubovu wa pili uko kwenye injini, ambayo lazima iokolewe.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha mambo haya. Makala hii inapendekeza vitatu: plagi huganda, pembe zake hulika, na hesi za tundu lake huchunika. Kila kitenzi kinataja mahali pa ubovu, na kwa kufanya hivyo kinaelekeza tiba.

Tuanze na plagi yenyewe. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili plagi ni kitu cha kuchomeka kwenye umeme wa ukutani, na pia ni kifaa cha kutoa cheche katika injini ya petroli. Kiingereza kinaliongezea neno hilo mzigo zaidi: kizibo cha chini ya injini kinachofunguliwa kumwaga oili, na hata visahani vya chuma vinavyoziba matundu ya ubavuni mwa bloku. Hatulazimiki kurithi mchanganyiko huo. Kinachoziba na tukiite kizibo, kinachotoa cheche na tukiite plagi. Plagi ya cheche ilishika nafasi yake katika magari baada ya 1902, pale Gottlob Honold, mhandisi wa kampuni ya Robert Bosch huko Stuttgart, alipokamilisha magneto ya volteji kubwa pamoja na plagi ya kufanya nayo kazi. Tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana: kauri katikati, elektrodi mbili nchani, na gamba la chuma lenye kichwa cha pembe sita juu na hesi chini.

Hesi ni ile mifuo inayozunguka, ambayo gereji nyingi huiita thredi. Neno hili limo katika kamusi zetu za zamani, ambako msumari wa hesi ni ule unaoingia kwa kuzungushwa na si kwa kupigwa nyundo. Tunayo pia parafujo, tuliyoipata kwa Wareno, na skrubu, iliyotoka kwa Waingereza, lakini hayo ni majina ya kifaa kizima. Wapo wanaofasiri mifuo hiyo kuwa "nyuzi", na hapo pana hatari ya kweli. Nyuzi tayari ni kipimo cha joto na cha pembe. Hesi za mfumo wa metriki zina pembe ya nyuzi 60, ilhali zile za Joseph Whitworth, aliyependekeza vipimo vya pamoja kwa viwanda vya Uingereza mwaka 1841, zina nyuzi 55. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa kutumia "nyuzi" mahali pa hesi, uone jinsi inavyofumbana. Hesi ni neno fupi, ni letu, na halina kazi nyingine linayogongana nayo.

Mfano ulio bora wa kuelezea ubovu wa plagi ni Volkswagen Beetle. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Afrika Mashariki inalifahamu gari hili kwa heshima ya pekee. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kwa njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle iliyashinda mwaka 1954, tena 1957, na tena 1962. Injini yake inapozwa kwa upepo, haina rejeta wala maji. Bloku yake ni ya aloi ya magnesiamu, na hedi zake mbili ni za aloi ya aluminiamu. Katika kila hedi mna plagi mbili za chuma, zenye kipenyo cha milimita 14 na hesi zilizopishana kwa milimita 1.25. Sehemu ya plagi inayoingia ndani ya hedi ina urefu wa milimita 12.7 tu. Gawanya, utapata takribani hesi 10. Hesi hizo 10 za aluminiamu laini ndizo zinazozuia mlipuko wa petroli usiitupe plagi nje.

Ubovu wa kwanza ni kuganda. Plagi iliyoganda haizungukii upande wowote, ingawa pembe zake ni nzima na spana imeshika barabara. Mafundi husema "imejam". Wengine husema imeshika kutu, lakini kwenye hedi ya aluminiamu usemi huo unakosea nusu ya jambo, kwa kuwa aluminiamu haishiki kutu. Kinachotokea ni kwamba metali mbili tofauti zinapokaa pamoja penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama wa pwani, umeme mdogo hupita kati yake na aluminiamu huliwa, ikaacha unga mweupe unaojaza nafasi kati ya hesi. Masizi ya moto wa injini huongezea. Gari lililoegeshwa miaka mingi ndilo linalopata tatizo hili zaidi, kwa sababu plagi zake hazijafunguliwa tangu liliposimama. Kuganda, basi, ni neno sahihi kuliko kutu: linaeleza vitu viwili vilivyoshikamana, bila kudai sababu isiyokuwepo.

Tiba ya kuganda ni mafuta na subira. Puliza kwanza uchafu wote kwenye shimo la plagi, usije ukaangukia ndani ya silinda. Nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, yale mepesi yanayopenya, uyaache usiku kucha, uyarudie asubuhi. Inafaa kujua kwamba WD-40, iliyotengenezwa San Diego mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji juu ya chuma. Yapo mafuta mengine yaliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kupenya, na hayo ndiyo yanayofaa zaidi hapa. Kisha zungusha plagi kidogo, robo ya mzunguko au chini yake. Ukihisi inang'ang'ania au ukisikia inalia, simama. Irudishe ndani, ongeza mafuta, ngoja, uitoe tena mbele kidogo kuliko mwanzo. Kwenda na kurudi huku husaga ule unga mweupe na kuusukuma nje. Anayelazimisha kwa bomba refu juu ya mkono wa spana anaing'oa aluminiamu pamoja na plagi, na kuganda kunageuka kuwa kuchunika.

Kuhusu joto, kanuni ni kufungua plagi injini ikiwa imepoa. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na ikiwa moto huwa laini, hivyo hesi zake huumia upesi. Plagi iliyokataa kabisa ikiwa baridi inaweza kujaribiwa injini ikiwa vuguvugu, pale ambapo tundu limetanuka kidogo lakini metali haijalainika. Moto wa gesi usiusogeze kwenye injini ya Beetle. Bloku ya magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji, maji huuchochea.

Ubovu wa pili ni kulika pembe. Hapa kichwa cha plagi kimekuwa mviringo na spana inazunguka peke yake. Gereji husema nati imeliwa, na usemi huo ni sawa, ila tukiandika tuseme pembe zimelika, ili mahali pa ubovu pajulikane. Chanzo chake mara nyingi ni soketi ya pembe 12, ambayo hugusa kichwa karibu na ncha za pembe tu, au spana ya inchi iliyotumiwa kwenye kichwa cha milimita. Tumia soketi ya pembe sita, inayoshika bapa zima. Pembe zikishalika, chagua soketi ndogo kidogo uipige kwa nyundo taratibu hadi ikae kwa nguvu, au tumia soketi yenye meno ya ndani iliyoundwa kwa kazi hiyo. Penye nafasi ya kuingiza tupa, chonga bapa mbili mpya zinazotazamana, kisha shika kwa spana. Kizibo cha oili chenye ubovu huu kinaweza pia kupigwa kwa tindo pembeni, kuelekea upande wa kufungulia. Plagi haifai kupigwa hivyo, kwa sababu kauri yake ikivunjika vipande huweza kuingia kwenye silinda.

Njia ya mwisho ni kuchomelea nati juu ya kichwa kilicholika. Gamba la plagi ni chuma, kwa hiyo hushikana vizuri na nati, na joto la kuchomelea husaidia kulegeza hesi. Kazi hii ifanywe na mchomeleaji hodari, betri ikiwa imefunguliwa nyaya zake na petroli imeondolewa karibu.

Ubovu wa tatu ndio mzito: kuchunika hesi. Plagi inazunguka bila mwisho, haikazi, au inatoka ikiwa imebeba vipande vya aluminiamu kwenye mifuo yake. Wakati mwingine injini huirusha yenyewe kwa kishindo. Mafundi husema thredi zimekufa. Kuchunika kunaeleza zaidi, kwa sababu ndivyo metali ilivyofanya: tabaka la hesi limebanduka kutoka ukutani mwa tundu. Katika Beetle ubovu huu huipata sana plagi ya silinda namba 3, iliyo upande wa kushoto kuelekea mbele ya gari. Plagi hiyo haionekani vizuri, fundi huifunga kwa kupapasa, na ikianza kwa upande hukata hesi mpya juu ya zile za zamani. Silinda hiyohiyo ilikuwa na joto zaidi kuliko wenzake, kwa sababu kipozaoili kilikaa kwenye njia ya upepo wake hadi kilipohamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Usikaze plagi kubwa kwa nguvu ili ijichongee njia. Tundu lililochunika hutanuliwa, huchongwa hesi kubwa zaidi, kisha hupachikwa hesi nyingine ndani yake zenye kipimo cha awali. Zipo za waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa, na zipo za bushi nzima. Kwa Kiswahili napendekeza tuziite hesi bandia, kama tunavyosema meno bandia: zimepandikizwa mahali pa zile za asili na zinafanya kazi yake. Kwenye tundu la plagi, bushi nzima huvumilia kufungua na kufunga kwa miaka mingi kuliko waya, ambao unaweza kutoka pamoja na plagi.

Hedi ikiwa bado iko kwenye gari, chombo cha kuchongea hesi kipakwe grisi nzito ili chembe za aluminiamu zinase humo, na kitolewe mara kwa mara kufutwa. Kabla ya kufunga plagi, chembe zilizosalia zitolewe kwa upepo wa kompresa. Mahali palipo na shaka, shusha injini. Injini ya Beetle imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne, na fundi mwenye msaidizi mmoja huitoa kwa muda mfupi.

Kinga ya maradhi yote matatu ni ileile. Anza kufunga plagi kwa mkono. Pale mkono usipofika, chomeka juu ya kauri kipande cha mpira wa kupitishia petroli, uizungushe kwa kutumia huo mpira. Plagi ikianza vibaya, mpira utateleza kabla hesi hazijaumia. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa hukazwa kwa spana nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili, na iliyowahi kutumika hukazwa kidogo sana kuliko hapo. Kwa spana yenye kipimo, takribani nyutoni mita 30 zinatosha. Ukipaka dawa ya kuzuia kuganda kwenye hesi, punguza nguvu hiyo, maana hesi zilizolainishwa hukaza zaidi kwa nguvu ileile.

Nawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na watunga kamusi waziingize istilahi hizi mahali pake: kuganda kwa plagi, kulika kwa pembe, kuchunika kwa hesi, na hesi bandia. Nawe fundi, gari likiletwa na plagi haitoki, andika kwenye karatasi ya kazi ni silinda ipi na ubovu gani kati ya hayo matatu, kabla hujashika spana. Mwenye gari atajua analipia nini, na fundi atakayelipokea baada yako atajua pa kuanzia.