Mgeni unayetafuta kazi Mpanda? Haya ndiyo ya kujua kwanza

Mpanda ni mwisho wa reli inayotoka Kaliua, na upande wa magharibi Bandari ya Karema inatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana Warundi na Wakongo wengi hupita Katavi kusaka riziki. Dhahabu, tumbaku, mpunga na utalii vipo. Shida huanza pale mtu anaposhika kazi kabla ya kushika vibali.

Vibali ni viwili
Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Cha pili ni kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakitoshi, na viza ya utalii hairuhusu kazi yoyote.

Kwa kazi ya kuajiriwa, mwenye kuomba kibali cha kazi ni mwajiri. Lazima aonyeshe kuwa alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania aje kuishika nafasi hiyo. Bosi anayesema "anza tu, karatasi zitafuata" anakuingiza chaka.

Madaraja ya kibali cha kazi
- A: wawekezaji
- B: fani maalumu, kama udaktari na ualimu wa sayansi na hisabati
- C: fani nyingine
- D: shughuli za dini na hisani
- E: wakimbizi

Kwa mwajiriwa, kibali hudumu hadi miezi 24. Kinaweza kuhuishwa, lakini jumla isizidi miaka 8. Usichanganye herufi: vibali vya ukaazi navyo vina A, B na C zake, na mwajiriwa hupewa B.

Vipi kuhusu Afrika Mashariki?
Burundi iliingia Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Wengi hudhani hapo mambo yameisha. Bado. Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010, lakini Tanzania ilifungua milango kwa fani chache tu, na hata hizo zinahitaji kibali.

Kazi zilizofungwa
Julai 2025 Serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15. Kwa Katavi, zinazogusa zaidi ni hizi:
- uchimbaji mdogo wa madini
- kununua mazao shambani
- kuongoza watalii
- uwakala wa pesa za simu
- kutengeneza simu
- saluni, isipokuwa ya hotelini au ya kitalii
- udalali

Mgeni akikutwa na hatia, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania anayemkingia kifua naye hasalimiki: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa hiyo ule mchezo wa mgeni kuweka mtaji na mwenyeji kuweka jina unawaponza wote wawili.

Si kila anayeitwa Mrundi ni mgeni
Katumba na Mishamo, makazi makubwa ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, yako Katavi. Watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo, pamoja na wale wa Ulyankulu mkoani Tabora, walipewa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Hao ni Watanzania. Hawadaiwi kibali cha kazi, wala amri ya 2025 haiwahusu. Cheti cha uraia kitunzwe vizuri, maana ndicho kinachomaliza ubishi ofisini.

Kabla hujapanda treni
Muulize mwajiri maswali matatu: kibali kimeombwa daraja gani? Kimeshatoka? Jina la mwajiri kwenye kibali ndilo lililo kwenye mkataba? Akikwepa hata moja, bora nauli ibaki mfukoni.