Mwani mkubwa wa bahari za kusini: ukoo mmoja, pwani nyingi

Mwani mkubwa, ambao wanasayansi huuita Macrocystis pyrifera, hufikia urefu wa mita 45 na zaidi. Maji yakiufaa, huweza kurefuka kwa takribani nusu mita katika siku moja. Haufanani na mwani unaofungwa kambani na wakulima wa Zanzibar. Huu ni wa kahawia, hupenda maji baridi, na husimama wima juu ya miamba mfano wa msitu. Hupatikana magharibi mwa Amerika zote mbili, Afrika Kusini, New Zealand, kusini mashariki mwa Australia, na katika visiwa vya upweke vinavyoizunguka Antaktika.

Ulifikaje kote huko? Mbegu zake ni ndogo mno, na kwa kawaida huanguka karibu na mzazi. Kinachosafiri ni mwani wenyewe. Dhoruba ikiung'oa, vifuko vya gesi vilivyo kwenye majani yake huuelea juu ya maji, nao hubebwa na mkondo uizungukao Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki, ukiwa bado na uwezo wa kutoa mbegu.

Vinasaba vinathibitisha safari hizo. Zamani wataalamu waliugawa mwani huu katika spishi nne kwa kutazama umbo lake tu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 ziliunga mkono kuwa ni spishi moja, na kwamba mwani wa kusini mwa Chile una alama za urithi zilezile zinazopatikana katika visiwa vya mbali. Kwa jumla, ule wa kaskazini mwa ikweta una vinasaba vya aina nyingi zaidi. Ndiyo maana watafiti wengi huona kuwa chimbuko lake ni kaskazini, na kwamba ni wachache tu waliovuka maji ya joto ya ikweta na kuzaa ukoo wote wa kusini.

Ukoo wenye urithi finyu huwa na akiba ndogo siku za shida, na shida imekwisha kufika Tasmania. Mkondo wa joto unaotoka kaskazini, kando ya mashariki mwa Australia, umesukuma maji yenye virutubisho haba hadi huko, ukaleta pia urumbu wa baharini walao mwani. Takribani asilimia 95 ya misitu hiyo imetoweka katika miongo michache, na mwaka 2012 serikali ya Australia iliiorodhesha miongoni mwa jamii za viumbe zilizo hatarini.

Mwani unaoelea kutoka bahari baridi zaidi si lazima ulete ustahimilivu wa joto. Kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania wameugeukia ule uliosalia nyumbani: hukusanya mbegu zake, huziotesha maabara katika maji yenye joto, na miche inayohimili huirudisha baharini.