Ulinganifu (jiometria)

Ulinganifu (pia: simetri) katika jiometria ni sifa ya umbo linaloweza kukunjwa au kuzungushwa likaonekana vilevile kama lilivyokuwa mwanzo. Umbo lenye sifa hiyo huitwa umbo linganifu.

Katika hisabati ya shule, ulinganifu hufundishwa pamoja na sifa za maumbo kama vile pembetatu, pembenne na duara. Mada hizo mbili zinahusiana sana. Sifa nyingi za maumbo, kwa mfano pande zilizo sawa, pembe zilizo sawa na mishazari inayokatana katikati, zinatokana na ulinganifu wake. Anayejua umbo linalingana kwa namna gani anaweza kuzipata sifa hizo mwenyewe bila kuzikariri moja moja.

Sifa hizo zina matumizi nje ya darasa. Katika jiji la Mwanza na kando ya Ziwa Viktoria (Nyanza) zinaonekana katika misingi ya nyumba, nyavu za wavuvi, mitumbwi, vikapu na nyumba za jadi za Wasukuma.

## Aina za ulinganifu

Ulinganifu wa mstari upo pale ambapo umbo linaweza kukunjwa kwenye mstari mnyofu na nusu zake mbili zikalaliana kabisa. Mstari huo huitwa mstari wa ulinganifu. Ukiwekwa kioo juu ya mstari huo, nusu moja pamoja na taswira yake katika kioo hutoa umbo zima.

Ulinganifu wa mzunguko upo pale ambapo umbo likizungushwa kwenye nukta ya katikati hujirudia kabla ya kumaliza nyuzi 360. Mraba hujirudia kila baada ya nyuzi 90, yaani mara 4 katika mzunguko mmoja. Mstatili hujirudia kila baada ya nyuzi 180, yaani mara 2.

Aina hizi mbili hazitegemeani. Umbo linaweza kuwa na moja bila nyingine, kama zinavyoonyesha herufi kubwa za neno MWANZA. Herufi M, W na A zina mstari mmoja wa ulinganifu uliosimama wima, lakini hazijirudii zikizungushwa nusu mzunguko. Herufi N na Z hazina mstari wowote wa ulinganifu, lakini kila moja hujirudia ikizungushwa nyuzi 180.

Rangi pia huhesabiwa. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ina mkanda mweusi wenye kingo za njano unaopita kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Mistari yake peke yake ina ulinganifu wa nusu mzunguko. Rangi zikihesabiwa ulinganifu huo hutoweka, kwa sababu bendera ikigeuzwa kijani hukaa mahali pa buluu.

## Ulinganifu wa maumbo ya kawaida

| Umbo | Mistari ya ulinganifu | Mara linapojirudia katika mzunguko mmoja |
|---|---|---|
| Pembetatu yenye pande tatu tofauti | 0 | 1 |
| Pembetatu pacha | 1 | 1 |
| Pembetatu sawa | 3 | 3 |
| Msambamba | 0 | 2 |
| Mstatili | 2 | 2 |
| Rombasi | 2 | 2 |
| Mraba | 4 | 4 |
| Tiara | 1 | 1 |
| Pembesita sawa | 6 | 6 |
| Duara | Hazina kikomo | Hazina kikomo |

Namba 1 katika safu ya mwisho ina maana kwamba umbo halijirudii mpaka limalize mzunguko mzima, yaani halina ulinganifu wa mzunguko. Msambamba na mstatili katika jedwali ni ule wa kawaida. Mstatili wenye pande nne sawa ni mraba, na rombasi yenye pembemraba ni mraba pia.

## Sifa zinazotokana na ulinganifu

Pembetatu pacha. Ikikunjwa kwenye mstari wake wa ulinganifu, pande mbili zilizo sawa hulaliana, na pembe mbili za kitako hulaliana pia. Kwa hiyo pembe za kitako ni sawa. Mstari huohuo hugawa kitako katikati na kukutana nacho kwa pembemraba.

Msambamba. Ukizungushwa nusu mzunguko, kila upande huchukua nafasi ya upande unaotazamana nao, na kila pembe huchukua nafasi ya pembe inayotazamana nayo. Kwa sababu hiyo pande zinazotazamana ni sawa, pembe zinazotazamana ni sawa, na mishazari (mistari inayounganisha kona zinazotazamana) hukatana katikati.

Mstatili. Una sifa zote za msambamba. Zaidi ya hayo, ukikunjwa katikati ya pande zake mshazari mmoja hulalia mwingine. Hivyo mishazari ya mstatili ina urefu sawa.

Rombasi. Ni msambamba wenye pande nne zilizo sawa. Mistari yake ya ulinganifu ni mishazari yenyewe, na kwa hiyo mishazari hukatana kwa pembemraba na kila mmoja hugawa pembe za kona zake katika sehemu mbili sawa.

Mraba. Ni mstatili na ni rombasi kwa wakati mmoja, hivyo una sifa za maumbo yote mawili.

## Matumizi

### Msingi wa nyumba

Fundi anayepima msingi wa nyumba kwa kamba na vigingi huhakikisha kwanza kwamba pande zinazotazamana zina urefu sawa. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu msambamba uliolala upande nao una pande zinazotazamana zilizo sawa. Ndiyo maana fundi hupima pia kona kwa kona. Mishazari miwili ikiwa sawa, msingi ni mstatili.

Sababu yake ni hii: mishazari ikiwa sawa, pembetatu mbili zinazoshirikiana upande mmoja wa msingi zina pande tatu zilizo sawa, hivyo pembe zake pia ni sawa. Pembe mbili za msambamba zinazofuatana zina jumla ya nyuzi 180. Zikiwa sawa, kila moja ni nyuzi 90.

Kwa mfano, msingi wa mita 8 kwa mita 6 unapaswa kuwa na mishazari ya mita 10 kila mmoja. Mshazari mmoja ukiwa mita 10.2, mwingine utakuwa takribani mita 9.8, na pembe moja ya msingi itakuwa takribani nyuzi 92.4. Pande zote nne bado zitakuwa na vipimo sahihi, lakini kosa litaonekana baadaye wakati wa kupaua, ambapo bati hazitaenda sambamba na kuta, au wakati wa kuweka vigae sakafuni.

### Jicho la wavu

Jicho la wavu wa kuvulia samaki lina pande nne zilizo sawa na mafundo manne, kwa hiyo umbo lake ni rombasi. Urefu wa pande haubadiliki, ila pembe hubadilika kadiri wavu unavyovutwa. Jicho lenye upande wa milimita 75 likiwa mraba, kila mshazari una takribani milimita 106. Likilala mpaka pembe moja iwe nyuzi 60, mishazari huwa milimita 75 na takribani milimita 130. Likivutwa mpaka lifunge kabisa, mshazari mrefu hufikia milimita 150, yaani pande mbili zilizonyooshwa.

Kipimo hicho cha mwisho peke yake hakitegemei jinsi wavu ulivyoshikwa. Kwa sababu hiyo ukubwa wa jicho hupimwa wavu ukiwa umevutwa, kutoka fundo hadi fundo linalotazamana nalo. Jambo hili ni muhimu katika Ziwa Viktoria, ambako sheria za uvuvi huweka ukubwa wa chini wa macho ya nyavu ili samaki wachanga wapite. Mtu anayepima upande mmoja tu wa jicho atapata nusu ya kipimo kinachokusudiwa.

Eneo la jicho nalo hubadilika. Lenye upande wa milimita 75 lina eneo la milimita za mraba 5,625 likiwa mraba, na takribani 4,871 pembe ikiwa nyuzi 60. Miongoni mwa rombasi zote zenye upande uleule, mraba ndio wenye eneo kubwa kuliko zote.

### Nyumba ya msonge

Nyumba ya jadi ya Wasukuma ilijengwa kwa msingi wa duara na paa la nyasi lenye ncha. Mfano wa ujenzi wa aina hiyo unaweza kuonwa katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza.

Duara lina ulinganifu mkubwa kuliko maumbo yote ya bapa, kwani kila kipenyo chake ni mstari wa ulinganifu. Pia ni umbo linalozingira eneo kubwa zaidi kwa mzingo uleule. Kwa ukuta wenye mzingo wa mita 20:

* mstatili wa mita 7 kwa mita 3 una eneo la mita za mraba 21;
* mraba wa mita 5 una eneo la mita za mraba 25;
* duara lina eneo la takribani mita za mraba 31.8.

Msingi wa duara hupimwa kwa kigingi kimoja na kamba moja, bila kuhitaji kupima pembe.

### Mitumbwi, vikapu na madaraja

Mtumbwi hutengenezwa ukiwa na ulinganifu wa kushoto na kulia kwa kufuata mstari unaotoka omo hadi tezi. Upande mmoja ukiwa mpana au mzito kuliko mwingine, chombo huinama au huvuta kuelekea upande mmoja.

Kikapu cha duara kinachosukwa kuanzia kitovuni huwa na ulinganifu wa mzunguko endapo pambo lake limegawanywa sawasawa. Pambo linalojirudia mara 5 linahitaji nafasi ya nyuzi 72 kwa kila sehemu, na linalojirudia mara 8 linahitaji nyuzi 45.

Daraja la J. P. Magufuli, linalovuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi na lililofunguliwa mwaka 2025, lina minara mitatu inayoshikilia nyaya. Nyaya za kila mnara zimetandazwa kwa ulinganifu pande zote mbili, ili mvuto wa upande mmoja usawazishwe na wa upande wa pili.

## Ulinganifu katika viumbe

Samaki kama sangara na sato wana ulinganifu wa nje wa kushoto na kulia. Minofu miwili inayotolewa kwa sangara mmoja ni taswira ya kioo, moja kwa nyingine: ikilazwa yote kwa upande wa ngozi, hailingani mpaka mmoja ugeuzwe. Ulinganifu huo si kamili, kwa kuwa viungo vya ndani kama ini na utumbo havikugawanyika sawa pande mbili.

## Makosa ya kawaida

* *Kudhani kwamba mshazari wa mstatili ni mstari wa ulinganifu.* Mshazari hugawa mstatili katika pembetatu mbili zilizo sawa, lakini karatasi ya daftari ikikunjwa kona kwa kona nusu zake hazilaliani. Nusu kuwa sawa hakutoshi. Ni lazima zilaliane zinapokunjwa.
* *Kudhani kwamba msambamba una mistari miwili ya ulinganifu.* Msambamba wa kawaida hauna hata mmoja. Una ulinganifu wa nusu mzunguko tu.
* *Kudhani kwamba mraba uliosimama kwa kona si mraba.* Jina la umbo hutokana na pande na pembe zake. Namna lilivyokaa ukurasani hailibadilishi.

## Katika elimu

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania somo la Hisabati hufundishwa kwa Kiswahili, na kuanzia kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukutana upya na maumbo yaleyale kwa majina mengine. Aliyekariri majina tu hulazimika kuanza mwanzo. Aliyezoea kutambua umbo kwa mistari yake ya ulinganifu na mishazari yake anaweza kulitambua hata jina likiwa geni. Zana zinazohitajika kujifunza hivyo ni chache: karatasi ya kukunja, rula, kamba na kipande cha kioo.

## Tazama pia

* Jiometria
* Pembetatu
* Mraba
* Duara
* Nadharia ya Pythagoras