Yadi Moja ya Glendale
Februari 1, 2015, Glendale, Arizona. Fainali ya Super Bowl, futiboli ya Kimarekani: New England Patriots 28, Seattle Seahawks 24, zimebaki sekunde 26. Seattle wako yadi 1 kutoka mstari wa goli, na wana Marshawn Lynch, mbabe wa kukimbia na mpira. Lakini kocha Pete Carroll na benchi lake wakachagua pasi. Malcolm Butler akainasa.

Wengi huuita uamuzi ule upumbavu. Mimi mwanafunzi wa historia nakataa. Pasi isiyodakwa husimamisha saa. Seattle walibakiwa na nafasi moja tu ya kuisimamisha wenyewe. Hesabu ilikuwepo. Butler, chipukizi ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye usajili, alishazidiwa na mbinu ileile mazoezini. Tukimlaumu Carroll tu, tunamfuta aliyejifunza.