Unene na Majina Yake: Habari za Vijana wa Kilosa na Mikumi

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi unene wa vijana ulivyobadilika maana katika wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi ulio ndani yake. Msomaji asistaajabu kuona habari za afya zikiandikwa na mtu wa lugha, maana maneno nayo ni kumbukumbu.

Shina -nene ni la kale katika lugha za Kibantu. Katika Kiganda maana yake ni "kubwa". Katika Kiswahili husemwa juu ya kitu na mwili pia, wala asili yake haina lawama. Kunona husemwa zaidi juu ya mnyama, na mbuzi aliyenona ni mali. Kunawiri, neno lililotoka Kiarabu, ni kung'aa kwa afya. Kwa Waluguru, majirani wa Kilosa, mwali aliwekwa ndani na kulishwa, na kunenepa kwake kulikuwa fahari.

Sababu ya sifa hiyo haiko mbali. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa, na mashamba ya mkonge yakastawi Kimamba na kwingineko. Kibarua alikata mkonge, akala posho ya unga, akaenda kwa miguu; unene aliuona kwa wenye nafasi. Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoundwa mwaka 1973, shida kubwa ilikuwa upungufu wa chakula bora. Kisha UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1983, ukafanya kukonda kuwa kama ushahidi wa maradhi, na unene ukawa hati ya uzima.

Wakati huo huo maisha yaligeuka. Hifadhi ya Mikumi iliundwa mwaka 1964, barabara kuu ya Zambia ikatiwa lami, na Mikumi ikawa kituo cha malori na mabasi. Chipsi na soda zikasogea karibu, na bodaboda ikapunguza mwendo wa miguu.

Hesabu za taifa zaonyesha kuwa kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na 28 mwaka 2015-16. Wengi wao ni watu wazima, na wa mijini kuliko wa vijijini. Lakini njia ni ile ile. Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 mwaka 1990, na 20 mwaka 2022.

Basi wataalamu wakatumia neno kiribatumbo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Picha ni nzuri, lakini ina dhihaka ndani yake, kama kibonge la mitaani. Msichana aliyeambiwa na bibi yake kuwa amenawiri aweza siku hiyo hiyo kuambiwa zahanati kuwa ana kiribatumbo. Akishika la kwanza tu, hatajihadhari na kisukari wala shinikizo la damu; akichomwa na la pili, hatarudi zahanati.

Kwa hiyo naona heri tuseme uzito uliozidi, neno lipimalo bila kucheka. Wala bibi tusimkanushe: yeye alikuwa akisifu kuokoka na njaa.