Mashaka, Baraka, Juma: maana ya jina la kiume na taswira yake

Jina la mtu hubeba mambo mawili, na kamusi huweza kueleza moja tu: maana ya neno. La pili ni taswira inayomjia msikilizaji kabla hajamwona mwenye jina. Mzazi huvutwa zaidi na hilo la pili. Jina zuri hukataliwa kwa kuwa jirani mgomvi aliitwa hivyo. Jingine hupendwa ili mtoto awe wajina wa babu yake.

Mfano mgumu ni *Mashaka*. Kikamusi ni tabu na misukosuko, na kwa kawaida hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, msiba au maradhi ya mama. Mzazi huhifadhi tukio; mtoto ndiye anayelibeba maisha yake yote. Hata hivyo, si kweli kwamba kila anayelisikia husikia huzuni. Penye akina Mashaka wengi, maana ya neno hufifia, ikabaki sura ya Mashaka anayefahamika. *Shida* halijafifia kiasi hicho, kwa kuwa neno lenyewe li kinywani kila siku, na watoto shuleni hawaachi kulifanyia utani.

Kisarufi, jina la mtu hufuata ngeli ya A-WA bila kujali ngeli ya nomino lilikotoka:

*Shida imekuja* (tatizo limetokea). *Shida amekuja* (mtu).
*Baraka zimefika* (neema). *Baraka amefika* (mtu).

Katika mazungumzo, ambamo herufi kubwa haisikiki, kiambishi hicho ndicho kinachotenganisha mtu na jambo.

*Juma* lina asili ya Kiarabu na huhusiana na siku ya Ijumaa, lakini aliyerithi jina la babu huweza kuwa alizaliwa Jumanne. Aghalabu humwashiria Mwislamu. *Baraka* halifichui dini: Waislamu hulitumia, na Wakristo pia. Mwandishi wa hadithi anayetaka dini ya mhusika isijulikane mapema hulipata jina hili tayari.

Mfasiri ndiye hujikwaa zaidi. Akimgeuza Mashaka kuwa neno la lugha nyingine lenye maana ya taabu, msomaji husikia kilio pale ambapo mwandishi alimwita mtu tu. Afadhali jina libaki lilivyo, na maana ielezwe pale tu ambapo hadithi yenyewe inaichezea, kama vile mama anapomkemea mwanawe kwa kulitaja jina lake kama neno.